Tundu la Wote, Tundu la Mwenyewe

Chini ya meza yangu ya kuhariria, hapa Kinondoni, kuna begi la kompyuta lililokufa zipu. Ndani hamna kompyuta. Mna kebo tupu: nene na nyembamba, nyingine zimefungwa kwa mipira, nyingine zimejisokota mpaka hujui kichwa kiko wapi. Kila moja ilinunuliwa kwa sababu ilikuja kamera mpya na tundu jipya. Mke wangu ameshaniuliza kwa nini nisizitupe. Jibu la maana sina, ila nikiishika yoyote nakumbuka ilikula pesa ya kazi gani.

Nalitaja begi hilo kwa sababu vijana ninaopiga nao kazi za harusi hawaachi kuniuliza swali lilelile kila kampuni inapotoa toleo: kaka, hii ya sasa ina hotishuu mpya yenye pini nyingi, ina HDMI kubwa, ina USB-C; niuze yangu niichukue? Nami humrudishia anayeuliza swali: ni lipi hasa kati ya hayo unalolitaka? Maana hayafanani hata kidogo. Kuna tundu la wote, ambalo kifaa cha yeyote kinaingia na kufanya kazi, na kuna tundu la mwenyewe, ambalo kampuni imelichonga kwa ajili ya vifaa vyake. La kwanza nimewahi kulibadilishia kamera na sijutii. La pili huwa linambadilisha mwenye kamera kuliko linavyoibadilisha kazi yake.

Kazi nilijifunzia Tanga, kwa mzee mmoja aliyekuwa na studio ya picha za paspoti. Kamera yake ya akiba ilikuwa Zenit-E ya Kirusi, chuma kitupu. Juu haikuwa na pini yoyote. Flashi yake, Vivitar 283, ilikaa ubavuni kwenye mkono wa chuma, na waya mfupi ukatoka kwenye flashi kuingia kitundu cha duara kwenye mwili wa kamera. Hilo ndilo tundu la PC, lililopata herufi zake kutoka kwa Prontor na Compur, shata za Kijerumani za enzi hizo. Ukitaka flashi na shata viende pamoja kwenye Zenit ile, spidi ilikuwa 1/30. Mtoto akitikisa kichwa, imekula kwako.

Mzee alikuwa na onyo moja: flashi ikishajaa, usiguse ncha ya waya. Nilidhani ananitisha, mpaka siku iliponipiga na vidole vikafa ganzi. Miaka mingi baadaye nilimpelekea fundi redio flashi ileile, akaweka mita yake kwenye ncha: zaidi ya volti 200. Zenit haina ubongo wa kuungua, kwa hiyo haikujali. Kamera ya dijitali inajali sana. Kipimo cha kimataifa, ISO 10330, kinazungumzia volti 24, na watengenezaji wa baadhi ya kamera za mwanzo za dijitali walisema zisipewe zaidi ya 6. Mwenye flashi ya mtumba ya miaka hiyo aipime kwanza kabla ya kuipandisha juu ya kamera ya mkopo.

Ukiacha umeme huo, kazi ya waya ule ilikuwa neno moja tu: sasa. Shata inafunguka, waya unaiambia flashi sasa, inawaka. Baadaye waya ukaondolewa, neno lile likapitia pini moja katikati ya kile kiatu cha chuma juu ya kamera, na kingo za kiatu zikawa upande wa pili wa umeme. Ndiyo hotishuu hiyo, na vipimo vyake vimeandikwa kwenye ISO 518. Kwa sababu hiyo flashi ya kampuni hii huingia kwenye kamera ya kampuni ile na kuwaka. Pini nyingine zote unazoziona zimeizunguka ile ya katikati ni za kampuni yenyewe: kila moja na mpangilio wake, lugha yake na duka lake.

Minolta walijaribu kuutoroka utaratibu huo mwaka 1988. Dynax 7000i, ambayo Marekani iliitwa Maxxum, ilikuja na kiatu cha umbo la kwao peke yao. Flashi unaisukuma, inajifunga kwa kubofya. Ukitaka kuitoa unabonyeza kitufe. Niliwahi kuishika moja na nasema kweli, kwa mkono ilikuwa bora kuliko kiatu cha kawaida chenye skrubu yake ya kuzungusha. Lakini flashi ya jirani haikuingia. Ulinunua flashi ya Minolta, au ulinunua adapta. Konica Minolta walipojitoa kwenye biashara ya kamera mwaka 2006 na Sony kuichukua, Sony walirithi mpaka kiatu. Walikivumilia hadi 2012, kisha kwenye Alpha 99 wakarudia umbo la kawaida, pini zao wenyewe wakazificha mbele, chini ya mdomo wa kiatu, na kuuita mpango huo Multi Interface. Miaka 24 imepita, na umbo limerudi kwenye pini ileile ya katikati. Aliyekuwa na flashi za kiatu cha zamani akanunua adapta tena, safari hii ya kugeuzia upande wa pili.

Canon walifuata njia hiyo hiyo ya kuficha pini kwa mbele kwenye EOS R3 ya mwaka 2021. Pini zile hutoa umeme wa kamera kwenda kwenye kifaa, hupokea sauti ya dijitali, na hupeleka taarifa nyingi kuliko zile pini za zamani. Si maneno ya tangazo tu. Kuna triga yao ya kufyatulia flashi kwa mbali, ST-E10, ambayo haina betri kabisa. Inakula umeme wa kamera. Kwa sisi tunaonunua betri za penseli barabarani, ambazo nusu yake zimekufa zikiwa bado ndani ya karatasi, hiyo ni raha ya kweli.

Sasa angalia upande wa pili wa raha hiyo. Flashi ya EL-5 waliyoitoa mwaka 2022 inafanya kazi kwenye kamera zenye kiatu kipya tu. Ukiipandisha kwenye Canon ya zamani, hakuna kitu. EOS R50 ya 2023, kamera ndogo ambayo vijana wengi wanaanzia, imeachwa na pini mpya peke yake. Flashi ya Canon ya juzi haiwezi kuzungumza nayo mpaka ununue adapta ya AD-E1. Na kabla ya hapo, EOS 250D ya 2019 ilitoka ikiwa na pini za Canon lakini pini ya katikati hakuna. Pini moja, ile ya ISO, ile inayosema sasa. Flashi za bei nafuu zinazotegemea pini hiyo zikawa mapambo. Mtu anayepanga kubadilisha kamera kwa sababu ya kiatu kipya aanze kwa kuangalia kiatu hicho kimeondoa nini.

Hapa mjini hoja hii ina uzito ambao wanaoandika mapitio ya kamera huko nje hawaufikirii. Kazi zetu zinaendeshwa kwa kuazimana. Ijumaa mimi nina sendofu Tabata, wewe una kazi ndogo tu ya picha za familia. Unanipa flashi yako ya pili na triga. Jumamosi ninarudisha, na juu yake nakuazima lenzi. Sijui mpiga picha wa Dar aliyesimama peke yake kwa vifaa vyake tangu siku ya kwanza. Taa za Godox zimeenea kwa sababu hiyo hiyo: redio yao ya 2.4 GHz ni moja, kwa hiyo taa ya mwenye Canon inawaka kwa triga ya mwenye Sony ilimradi mmepatana chaneli. Kinachotofautiana ni mguu wa triga. Kuna ya Canon, kuna ya Sony, kuna ya Nikon, na ukiweka isiyo yako, pini ya katikati itaifyatua taa lakini mambo ya TTL, yaani kamera kuipangia taa nguvu yenyewe, na spidi za juu yamekwisha, utapanga nguvu kwa mkono. Kwa harusi za usiku ukumbini, taa zikiwa mahali pamoja, kupanga kwa mkono kunatosha na zaidi. Hiyo pini moja ndiyo inayotuunganisha. Mwenzetu mmoja alihamia kwenye kamera yenye kiatu cha pini mpya tupu, na kwa muda wote ambao adapta yake ilikuwa njiani kutoka Dubai hakuna aliyeweza kumsaidia, wala yeye kumsaidia mtu. Kamera nzuri sana. Alikuwa anapiga picha za mchana tu.

Sitaki kumdhulumu mwenye tundu. Kuna watu ambao kiatu kipya kinawalipa, na nawajua: wale wanaotembea na kamera peke yao wakihoji watu. Ndugu yangu mmoja anapiga habari za televisheni. Adui yake ni waya wa maiki wa milimita 3.5, ule mwembamba unaojipinda kila anaposukumwa kwenye umati. Anarudi ofisini anakuta upande mmoja wa sauti ni mkwaruzo. Maiki kama ECM-B1M ya Sony, iliyotoka 2019, inakaa kwenye kiatu bila waya na bila betri na kuipa kamera sauti ikiwa tayari ya dijitali. Yeye hajali kuazimana. Ofisi ndiyo inanunua, na wote wanatumia kampuni moja. Huyo abadilishe, tena leo.

Mimi sauti yangu inatoka kwa DJ. Nachomeka kinasa kidogo kwenye mikisa yake, nakiacha kirekodi tangu MC anaposhika maiki mpaka waalikwa wanapochukua mikoba, halafu nakutanisha picha na sauti nikihariri. Zipo adapta za XLR za kukaa juu ya kiatu, Sony wanayo yao na Tascam wametengeneza za Canon na Fujifilm, lakini zinadai waya mzito utoke kwa DJ mpaka kwenye kamera yangu. Mimi siko mahali pamoja hata kwa dakika kumi. Kinasa kinabaki na DJ.

HDMI ni habari nyingine, na hapa nina kovu. Kumbi zetu siku hizi hazikubali harusi bila skrini kubwa mbili. Anayepiga video ndiye anayezilisha: kebo inatoka kwenye kamera, inapita chini ya mazulia na gundi ya karatasi, inafika kwa mtu wa skrini. Kamera niliyokuwa nayo ilikuwa na HDMI ndogo kabisa, ile ya micro. Ina pini 19, sawasawa na HDMI ya televisheni yako, ila zimebanwa kwenye upana wa milimita 6 na kidogo badala ya karibu 14. Pini zote hizo, na ulimi mwembamba wa kuzishika, vimesimama kwenye bodi ya ndani kwa risasi tu.

Ilikuwa harusi ya Wachaga, Sinza, na ndafu ilikuwa ndiyo inaingia. Mbuzi mzima, kajaa majani mdomoni, wapishi wanne wanacheza naye kuelekea meza kuu, ukumbi mzima umesimama, na skrini zote mbili zimemjaa yeye. Mhudumu akapita nyuma yangu na toroli la soda. Gurudumu likabeba kebo. Nilisikia kitu kidogo kimesema ta, na skrini zikawa bluu. Bluu ile ile iliyoandikwa kwa Kiingereza kwamba hakuna mawimbi. Mwenyekiti wa kamati alinitazama kwa umbali wa meza kumi na nikaelewa kila alichotaka kusema kuhusu malipo yaliyobaki.

Fundi simu wa Kariakoo aliyeifungua alinionyesha kwenye darubini yake. "Kaka, ona. Tundu lenyewe zima. Limeng'oka na laini zake." Chini ya kioo zilionekana: nyuzi mbili za shaba zilizobanduka kutoka kwenye bodi, zimejikunja juu kwa ncha. Tundu jipya lilikuwa rahisi kupatikana. Kazi ilikuwa kupiga jampa kwa waya mwembamba kuliko unywele mahali laini zilipokuwa. Alifaulu, lakini aliniambia wazi kwamba nisiutegemee sana mkono wake, ikivutwa tena haitarudi.

Sikukimbilia kamera mpya. Nilinunua keji ya chuma yenye kibano cha waya, na kebo fupi ya shubiri moja ambayo haitoki kwenye kamera hata nikilala. Kebo ndefu ya ukumbini inaungana na ile fupi, si na kamera. Toroli likipita, kinachoachia ni maungio. Nilifanya hivyo misimu kadhaa na gharama yake ilikuwa chini ya malipo ya awali ya harusi moja. Nilipokuja kubadilisha, HDMI kubwa ilikuwa sababu ya pili, na kwa anayelisha skrini kila wiki naiona ni sababu halali. Kwa anayepiga picha za mnato hata tundu lenyewe halijawahi kufunguliwa kifuniko. La nini sasa?

Sababu ya kwanza ilikuwa USB-C, na hiyo nitaitetea mbele ya yeyote. Zamani kamera kuwaka usiku kucha kulitaka betri bandia, lile tofali la plastiki lenye waya, na kila kampuni ilikuwa na lake, na kila betri ikibadilika umbo linabadilika tofali. Kwenye begi langu ninayo matatu, hakuna linaloingia kwenye kamera niliyonayo. Kamera inayopokea umeme kwa USB-C ikiwa imewashwa inakula kwenye pawabenki ileile inayochaji simu ya MC. Harusi moja ya Unguja, Mkunazini, umeme ulikatika kabla ya Isha na jenereta ya mwenye nyumba ikawa inahesabu mafuta. Kamera mbili zilifika alfajiri kwa pawabenki, moja yangu na nyingine ya shemeji wa bwana harusi, ambaye hata hakujua kwamba kamera inachajiwa na kitu hicho. Kebo zilikuwa za simu. Jamaa zao wa Maskati walikuwa wanatazama moja kwa moja, maana kamera za karibuni, A7 IV ya Sony ya mwaka 2021 ikiwa mojawapo, zinaingia kwenye kompyuta kwa waya huo huo mmoja na kujitambulisha kama kamera ya mtandao, bila kisanduku cha kati.

Na tundu hilo halitabadilika kesho. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo mwaka 2022 kwamba simu, tableti, kamera za dijitali na vifaa vingine vinavyochajika kwa waya viwe na USB-C, na likaanza kutumika tarehe 28 Desemba 2024. Kariakoo haikuulizwa, lakini kiwanda hakitengenezi kamera moja ya Paris na nyingine ya Mtaa wa Aggrey.

Tahadhari zipo, na wauza duka hawazisemi. Umbo la tundu halikuambii kilicho ndani. Kuna kamera zenye USB-C ambazo zinachaji tu zikiwa zimezimwa. Ukiwasha, zinarudi kwenye betri yake. Kuna zinazotaka chaja ya PD yenye nguvu ya kutosha, na pawabenki ya elfu kumi na tano haizioni. Kuna zenye USB-C kwa sura lakini ndani ni kasi ya USB 2.0, megabiti 480 kwa sekunde, ileile ya kebo za kijivu zilizomo begini mwangu, kwa hiyo ukitaka kuhamishia video ndefu kompyutani utaishia kutoa kadi. Na zipo kebo za simu zenye sura nzuri kabisa ambazo zimetengenezwa kuchaji tu.

Juzi nilimsindikiza kijana mmoja kununua kamera ya mtumba. Alikuwa amekubali kwamba ile mpya aliyoitamani ingemla harusi za msimu mzima kwa ajili ya kiatu ambacho hana kifaa cha kuweka juu yake, kwa hiyo tulikwenda kutafuta ya toleo la nyuma, yenye USB-C inayopokea umeme na pini ya katikati ya kiatu ikiwapo. Nilibeba vitu vitatu: flashi ya zamani isiyo na akili, pawabenki ya PD, na kebo ninayoiamini. Muuzaji alitutolea kamera safi, lenzi inang'aa, namba ya shata ya kuridhisha. Flashi iliwaka kwenye kiatu mara ya kwanza. Kisha nikachomeka kebo, nikasubiri alama ya umeme ionekane kwenye skrini, ikaja. Nikaishika kebo kwa vidole viwili karibu na tundu, nikaisogeza kidogo kushoto, kidogo kulia. Alama ikazimika. Nikairudisha, ikaja. Nikaisogeza tena, ikazimika.

"Kaka, sasa wewe unaivunja," muuzaji akasema.

"Wala siivunji, bosi. Ndivyo mtu anavyotembea nayo."

Akatupunguzia laki moja bila kuombwa. Kijana akanitazama, nikamtikisia kichwa, akairudisha juu ya kioo taratibu kwa mikono miwili na kumshukuru, tukavuka barabara kwenda duka la pili.